Masika Mjini: Matembezi Yetu kutoka Ocean Road hadi Kariakoo

Mwezi wa Aprili ukiingia Dar es Salaam kila nyumba ina kilio chake. Nguo hazikauki, mkaa umelowa, watoto hawana pa kuchezea, na njia ya kwenda dukani imegeuka kuwa mto. Mvua za masika hutunyeshea tangu Machi hadi Mei, kisha zile za vuli hutujia Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo karibu nusu ya mwaka mkazi wa jiji hili ana sababu nzuri ya kusema, "Leo sitoki." Katika kikundi chetu tumeamua kwenda kinyume. Siku za mvua ndizo tulizozichagua kwa matembezi, na tungependa kuwaeleza sababu, pamoja na mahali tunapokwenda.

Kikundi chetu ni cha wauguzi na akina mama wa kujitolea wa kanisani. Huwatembelea wanawake waliotoka mikoani kuja kutibiwa saratani kwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Tiba ya mionzi aghalabu hutolewa siku tano za wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kulala chini ya mashine ni dakika chache tu kila siku. Saa zinazobaki ni za kusubiri, na Jumamosi na Jumapili ni kusubiri mtindo mmoja. Mgonjwa anaketi katika chumba cha mpwa wake Mbagala au Tandika, anasikiliza mvua ikigonga bati, na anaanza kuhesabu: nani anapalilia mahindi, nani anawapikia wajukuu, nauli ya kurudi ni kiasi gani. Hapo ndipo wazo la kwenda nyumbani kabla ya wakati huingia. Nasi wauguzi twajua kwamba anayekatiza mionzi katikati huupa uvimbe nafasi ya kuota tena, na hupunguza sana matumaini yake ya kupona. Tumewakuta waliokwisha kufunga mizigo.

Sasa kwa nini mvua? Ngozi iliyopigwa mionzi haitaki jua kali. Inauma, inakuwa nyeusi, mara nyingine inachubuka. Mwezi wa Februari huwezi kumtembeza mama wa namna hiyo katika mji huu bila kumwumiza. Lakini siku ya mawingu, pepo za bahari zimepoa, akiwa na mwavuli na kanga nyepesi ya pamba begani, anaweza kwenda taratibu kwa saa mbili au tatu. Tena Jumamosi ya mvua mji wa kati unapumua. Ofisi zimefungwa, magari yamepungua, na mwenye kutembea polepole hasukumwi na mtu.

Kabla ya kutoka tunafanya mambo machache. Tunamwuliza daktari au muuguzi wa zamu kama mgonjwa anaruhusiwa. Anayetumia dawa za saratani za mshipa, ambazo hupunguza chembe nyeupe za damu, hatumpeleki penye msongamano. Yeye hubaki nasi upande wa bustanini, na Kariakoo humngoja hadi daktari aseme. Viatu ni vya kufunika vidole, maana yeboyebo huteleza vibaya kwenye vigae vilivyolowa. Kanga ni mbili, moja ya kujifunika na moja kavu ya akiba, nayo tunaiweka katika ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Chupa ya chai ya tangawizi hatuisahau kamwe.

Safari huanzia pale pale hospitalini, kwani jengo la kale la Ocean Road lenyewe ni la kutazamwa. Wajerumani walilijenga miaka ya 1890, kuta nene, baraza pana, na vikuba vyeupe juu ya paa ambavyo mgeni hudhani ni vya msikiti. Akina mama wengi hupita mbele yake kila siku ya tiba wasiinue macho, na sisi hatuwalaumu. Mwenye maumivu hatazami paa. Siku isiyo ya tiba ni tofauti. Unaposimama ng'ambo ya barabara, mgongo umeelekea bahari, ndipo unapoona jinsi wajenzi wale walivyofikiri: madirisha na baraza vimepangwa kuupokea upepo wa bahari, kwa sababu zama hizo hewa safi ilikuwa sehemu kubwa ya dawa. Robert Koch, yule mganga Mjerumani aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, alikaa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria. Wauguzi tuliosoma habari zake darasani hufurahi kujua kwamba alipita mitaa hii.

Ila hospitali hiyo haikujengwa kwa ajili yetu. Ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali nyingine, iliyojengwa kwa fedha alizotoa Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Hospitali hiyo ikaitwa kwa jina lake. Miaka ya 1950 hospitali kubwa mpya ilipojengwa Upanga, ile ambayo leo ni Muhimbili, jina la mzee huyu lilihama nayo, na mpaka sasa mtu akilazwa Muhimbili husikia, "Mpeleke Sewahaji." Wangapi tumelala au tumefanya kazi katika wodi hizo bila kujua Sewahaji alikuwa nani! Twapenda kuwasimulia akina mama habari hii mahali pale, kwa sababu leo mwanamke wa Kigoma au wa Mtwara analala katika hospitali ambayo bibi yake asingekubaliwa kuingia, isipokuwa kama mfagiaji.

Kutoka hapo kwenda Bustani ya Mimea si mbali, lakini kwa mgonjwa tunapanda bajaji. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1893 na Franz Stuhlmann, aliyekuwa mkuu wa kilimo katika utawala wa Kijerumani. Haikuwa ya kupumzikia. Lilikuwa shamba la majaribio, ambamo mimea ya kigeni ilipandwa ili ionekane ipi itastahimili udongo na joto la pwani, na ipi itawaletea faida. Tangu hapo imemegwa na kumegwa, barabara na majengo yakachukua sehemu yake, na kilichobaki ni kipande kidogo ambacho mtu mzima akizunguka robo saa amekimaliza.

Hata hivyo, wenzetu, iendeeni siku ya mvua! Wakati wa kiangazi bustani hii ina vumbi na wala haimvutii mtu. Masika majani yameoshwa, mizizi ya miti mikubwa inang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta, na maji yanaendelea kudondoka kutoka matawini nusu saa nzima baada ya mvua kukatika, hata mtu aliyefunga mwavuli wake hushtukia kichwa kimelowa. Mumo humo umepandwa mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ni kubwa kuliko mbegu ya mmea wowote duniani. Wakati wa vuli mikrismasi huchanua, na mvua huangusha maua yake mekundu hadi njia yote inafunikwa. Tausi nao huonekana mitaa ya upande huu. Tausi wa Ikulu ni mashuhuri nchini. Mwaka 2020 Rais Magufuli aliwagawia marais wastaafu na Mama Maria Nyerere. Akina mama wa bara, ambao wamewajua tausi kwa nyimbo na methali tu, wakisikia mlio wa ndege huyo hucheka, maana uzuri wake wote haufanani na sauti yake.

Wagonjwa wetu ni wakulima. Bustanini hatuwafundishi kitu, wao hutufundisha. Mmoja alichuma jani, akalikunja, akalinusa, akatuambia kwao hutumika kwa jipu. Tulimwachia anuse, ila tulimwomba asilifunge kanga kwenda nalo, kwa sababu dawa za majani na dawa za hospitali zikichanganywa bila daktari kujua huweza kugombana mwilini.

Mvua ikizidi, Makumbusho ya Taifa iko jirani, Mtaa wa Shaaban Robert. Iliasisiwa wakati wa Waingereza kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano na kufunguliwa mwaka 1940. Jengo lile la kwanza lenye matao bado lipo, na majengo mengine yaliongezwa baadaye. Siku hizi huitwa pia Nyumba ya Utamaduni. Kiingilio cha raia ni cha chini kuliko cha mgeni, na kuna mahali pa kuketi. Hili la viti si dogo kwa mtu anayetibiwa.

Wengi hukimbilia magari ya zamani ya viongozi. Sisi huwapeleka kwanza kwenye habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo makumbusho hii ndiyo inayolitunza. Ni kiumbe aliyefanana na binadamu, aliyeishi Olduvai yapata miaka 1,750,000 iliyopita, mwenye magego makubwa ajabu ya kusagia vyakula vigumu. Aliyeliona ni mwanamke. Tarehe 17 Julai 1959 Bwana Louis Leakey alikuwa amelala kambini kwa homa, na mkewe Mary akatoka kwenda kutazama miamba peke yake. Akaona mfupa umechomoza ardhini. Alipopangusa udongo akaona meno, akarudi mbio kumwamsha mgonjwa wake. Habari hii huwapendeza akina mama kupita kiasi. "Kumbe mzee angekuwa mzima, angesema kaona yeye," alisema mmoja, na wote wakaangua kicheko hadi mlinzi akaja kutazama kuna nini.

Katika eneo hilo hilo la makumbusho pana ukumbusho wa waliouawa na bomu katika ubalozi wa Marekani hapa jijini tarehe 7 Agosti 1998. Siku hiyo walikufa watu 11 Dar es Salaam, na Nairobi, kwa bomu la wakati ule ule, zaidi ya 200. Wauguzi wa rika letu wanaikumbuka asubuhi ile. Hatukai sana hapo. Tunasimama kidogo, tunasoma, tunaendelea.

Ukumbi wa Karimjee ulio karibu hutazamwa kwa nje tu, isipokuwa kama kuna shughuli ya wazi. Mle ndimo Mwalimu Nyerere alimoapishwa kuwa Rais mwaka 1962, na kwa miaka mingi Bunge lilikutania humo. Bustani yake inatunzwa vizuri kuliko ile ya mimea, lazima tukubali.

Upande wa bandarini yako majengo ya kale mengi, nayo yanafaa kwa siku ya mvua kwa sababu makanisa mawili kati yake humpa mtu paa na benchi. Kanisa la Kilutheri la Azania Front ni la wamisionari Wajerumani, la mwisho wa karne ya 19. Angalieni vile vipaa vidogo vya vigae vyekundu vilivyojengwa juu ya kila dirisha. Wengi hudhani ni urembo. Ni kivuli cha jua, na siku ya mvua maji huporomoka kutoka kigae hadi kigae mbali na dirisha. Mbele kidogo, kupita Posta ya Zamani, ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililoanza kujengwa mwaka 1897 na kumalizika mwaka 1902. Ndani mna vioo vya rangi nyuma ya altare. Siku ya jua huwaka sana; siku ya mawingu rangi zinatulia, unaweza kuzitazama muda mrefu bila kukunja uso. Waislamu waliomo katika msafara wetu, na wapo, huketi barazani wakitungoja au huingia kutazama, kila mtu kwa hiari yake.

Jirani na hapo kuna nyumba mbili za enzi ya Sultani Majid wa Zanzibar, ambaye katika miaka ya 1860 alitaka kuugeuza ufuko huu wa kijiji cha Mzizima kuwa mji wake wa amani. Alikufa mwaka 1870, na kazi ikalala. Boma la Kale, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wake, bado limesimama na milango yake ya nakshi, na sasa ndani mna kituo cha habari za majengo ya kale ya jiji. Ya pili inaitwa Atiman House, na jina hilo ndilo linalotufanya sisi wauguzi tusimame. Adrian Atiman alikuwa mtoto wa pande za mto Niger, aliyeibwa na kuuzwa utumwani. Mapadre Weupe walimkomboa, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67 katika kituo kimoja! Nasi tukipangiwa wilaya ya mbali tunaanza kuandika barua za uhamisho kabla hatujafungua sanduku.

Sasa tuseme habari za Kariakoo, maana hapo ndipo matembezi yetu yalipopata maana ambayo hatukuitarajia.

Katikati ya Barabara ya Samora imesimama Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Mahali pale kwanza palikuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, von Wissmann, ambayo Waingereza waliing'oa walipouteka mji mwaka 1916. Askari huyu wa shaba nyeusi ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maandishi yanawataja pia wapagazi. Lakini juu ya jiwe amesimama askari peke yake na bunduki yake. Nairobi walijengewa sanamu ya watu watatu, na mpagazi yumo.

Wapagazi hao walikuwa wengi kuliko askari mara nyingi. Nchi haikuwa na barabara, wanyama wa mizigo walikufa kwa ndorobo, basi kila risasi na kila gunia la unga lilibebwa kichwani. Waingereza walikusanya vijana kijiji kwa kijiji, wengine kwa kutaka, wengi kwa nguvu, na Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo upande wao. Walikufa makumi ya maelfu, na sehemu kubwa hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Walipewa nafaka ambayo hawakuizoea na ambayo haikuiva vizuri, walilala kwenye tope bila blanketi, walikunywa maji ya madimbwi. Muuguzi akisoma habari hizo anaona wazi kwamba wengi wangepona kwa maji yaliyochemshwa na chungu cha uji. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Kambi yao katika mji huu ilikuwa magharibi ya uwanja wa Mnazi Mmoja, na watu waliposhindwa kulitamka jina lile, wakalifanya Kariakoo.

Mama mmoja wa makamo kutoka mkoa wa Tabora alikuwa nasi siku tuliposimulia hayo chini ya mwavuli pale kwenye sanamu. Alikuwa katika wiki ya tatu ya mionzi na alikwisha kutuambia kwamba wiki inayofuata anaondoka, potelea mbali. Akanyamaza kitambo. Kisha akatuuliza, "Wanangu, hiyo Kariakoo mnayosema ni hii ya soko?" Tukamwambia ndiyo, mama. Akasema kwao, tangu utotoni, walipouliza habari za babu yao mzaa baba, bibi alijibu neno moja: alichukuliwa Keriakoo. Wao wakadhani ni jina la nchi, au la maradhi. Babu huyo hakurudi, na kaburi lake halijulikani.

Tulipanda mwendokasi hadi Gerezani. Tulimshika mkono mmoja huku na mmoja huku, tukapita taratibu mitaa yenye majina ambayo sisi wakazi tunayataja kila siku bila kuyafikiri: Livingstone, Aggrey, Sikukuu, Mchikichi. Tukafika Mtaa wa Nyamwezi. Akaomba tumsomee kibao mara mbili. Mvua ilikuwa inanyesha, wachukuzi wa siku hizi wanapita na mikokoteni na marobota ya mitumba kichwani wakipiga kelele za kuomba njia, na yeye amesimama katikati yao anawatazama. Kijana mmoja akamwambia, "Samahani bibi, pisha mzigo." Akajibu, "Pita baba, pita salama."

Jumatatu alikwenda kwenye mionzi. Alimaliza wiki zake zote.

Soko lenyewe la Kariakoo ni jengo la kutazamwa hasa wakati wa mvua, na tunasikitika kwamba wengi hulijua kwa bei ya nyanya tu. Lilichorwa na msanifu Mtanzania, Beda Amuli, aliyesomea kazi hiyo Israeli, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Paa lake ni safu ya miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa, midomo juu. Mvua ikinyesha, kila mwavuli hukusanya maji na kuyateremsha hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Yaani soko zima lilijengwa kunywa mvua, kama mama anayetega ndoo chini ya bati! Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanyabiashara wengi walipoteza mtaji wa maisha yao. Baada ya hapo ulifuata ukarabati mkubwa na ujenzi wa jengo jipya la ghorofa pembeni yake.

Nyumba za kale za Kariakoo zimekwisha karibu zote. Zile za Kiswahili, zenye ukumbi wa katikati, vyumba sita, baraza mbele na ua nyuma, ambamo wazazi wetu walipanga walipoingia mjini, zimebomolewa kupisha maghorofa ya maduka. Hatusemi mji usikue. Lakini tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja katika mitaa hii liliporomoka asubuhi na kuua zaidi ya watu 20, na tangu hapo tukitembea na wagonjwa tunachagua upande wa barabara usio na jengo linalochimbuliwa chini. Nanyi fanyeni hivyo mkiwa na watoto.

Mtaa wa Uhuru ni wa kanga, na hapo hatuharakishi. Mvua huwaleta wateja wote ndani ya maduka, muuza kanga hana pa kwenda, basi hutandaza doti moja baada ya nyingine na akina mama husomeana maneno kwa sauti. Asiyejua kusoma husomewa, naye ndiye mara nyingi mwenye jibu kali zaidi. Kununua si lazima.

Tukirudi kwa upande wa Mnazi Mmoja tunapita Mtaa wa Lumumba, ambako TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, kisha tunavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma ya wanawake hapa hapa mjini. Mwaka 1955 alipopewa kazi ya kuwaandikisha wanawake, hakuanza na hotuba uwanjani. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wanawake waliokwisha kuaminiana kwa kuchangiana harusi na misiba, na kwa njia hiyo maelfu wakakata kadi. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiwa mwaka 1972, akafariki mwaka 2000. Barabara ina jina lake na magari yanapita usiku na mchana.

Neno la mwisho ni la kiuguzi. Msivuke maji yanayokwenda kasi hata kama yanafika kifundoni tu, maana mfereji ulio wazi hauonekani. Maji ya mafuriko ya mji yamechanganyika na vyoo, nayo huleta kipindupindu. Mkojo wa panya ulio ndani yake huleta homa ya mgunda, ile iliyosikika Lindi mwaka 2022, ambayo huingilia kwenye kidonda au mchubuko wa mguu. Mkifika nyumbani osheni miguu kwa sabuni, mkaushe vizuri katikati ya vidole. Mvua ikiwa kubwa bonde la Msimbazi hufurika na barabara ya Jangwani hufungwa, kwa hiyo wanaokaa Magomeni, Kimara na Ubungo waulize njia kabla ya saa nane mchana, wasisubiri jioni. Desemba 2011 bonde hilo liliua watu kwa makumi, na hali kama hiyo imejirudia kwa kiasi miaka iliyofuata.

Kama maji yamekwisha kufunga njia, kaeni kwa mama lishe yeyote wa Gerezani mwenye turubai imara, mwagize chai na chapati, mngoje. Sisi tumewahi kungoja saa tatu. Akina mama walikuwa wanapanga kwamba Jumamosi inayofuata wanataka pantoni ya Kigamboni, kwa sababu wengi wao hawajawahi kupanda chombo cha majini, na hoja iliyobaki ilikuwa nani atakaa karibu na ukingo.